Rozari Mkononi, Macho Nimefumba



Somo letu leo ni Luka 10:25-37, mfano wa Msamaria mwema. Fungua Biblia ulisome kwanza, ndipo uendelee hapa. Mimi nilikuwa nimelisoma mara nyingi, lakini lilinigusa kweli nikiwa nimekaa siti ya dirishani kwenye daladala.

Nilipokuwa nasoma shahada ya falsafa hapa Dar es Salaam, nilikaa Mbezi. Kwenda chuo maana yake ni kuamka saa kumi na moja alfajiri, kutembea mpaka Barabara ya Morogoro, halafu kugombania gari. Rafiki yangu mmoja alikuwa anatumia gari la kaka yake. Sikufichi, nilimwonea wivu. Siku moja akanipa lifti kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Tukazunguka tukitafuta pa kuegesha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe tukaliacha gari mbali, tukarudi kwa miguu juani, na ushuru wa maegesho ukawa unatusubiri. Nikasema moyoni, heri daladala yangu!

Tangu siku hiyo nikaanza kujisifu kimyakimya: mimi nasafiri na watu wa kawaida, kama Yesu alivyotembea na watu. Basi bwana, kiburi kina njia nyingi za kuingia.

Jumanne moja jioni nikitoka chuo nikageuza na gari. Kama hujakaa Dar, kugeuza ni kupanda gari linaloelekea mwisho wa safari yake na kulipa nauli mara mbili, ili likianza kurudi uwe umeshakaa. Nikapata dirishani, nikatoa rozari. Kituo kilichofuata konda akaziba mlango: "Wanafunzi wawili tu!" Akafanikiwa kupanda binti wa shule ya msingi, begi kubwa mgongoni, akasimama karibu yangu. Foleni haikusogea. Nikamwona anasinzia akiwa wima, kichwa kinagonga chuma cha siti.

Nami nikafumba macho, nikaendelea kusali. Ilikuwa siku ya matendo ya uchungu, na nilikuwa tendo la nne: Yesu anachukua msalaba.

Nikasikia sauti ya mama mmoja aliyekaa upande wa pili, na ndoo ya samaki miguuni: "Mwanangu, lete begi nikupakatie. Njoo tubanane hapa." Nilipofumbua macho, binti alikuwa amelala begani kwake. Mama hakuniangalia wala hakunisema. Angenisema ningepata nafuu.

Tujifunze nini?

Kwanza, kutumia njia moja na mtu hakukufanyi uwe jirani yake. Kuhani na Mlawi walipita njia ileile ya Yeriko, na walimwona majeruhi. Mwanasheria alitaka kujua jirani yake ni nani. Yesu akamrudishia swali kwa kuuliza ni nani aliyekuwa jirani wa yule aliyeumizwa. Mwenye gari anaweza kuwa jirani kwa lifti moja, na abiria wa daladala anaweza kuwa mgeni kabisa kwa aliyesimama mbele ya magoti yake.

Pili, sala isiwe pazia. Mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, Gabriel Marcel (1889-1973), alifanya kazi na Msalaba Mwekundu wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akizisaidia familia kupata habari za askari waliopotea. Kila kadi aliyoshika ilikuwa ya mtu anayesubiriwa nyumbani. Baadaye aliandika sana juu ya kuwa tayari kwa ajili ya mwingine: unaweza kuwepo mahali na bado usipatikane. Mimi siku ile nilikuwepo, ila sikupatikana.

Tatu, upendo unahitaji maandalizi. Ondoka mapema, maana mwenye haraka haoni mtu. Weka nauli ya chenji mfukoni, usianze siku kwa kugombana na konda. Ukikaa, mpakatie mzigo aliyesimama. Konda akiwazuia watoto wa shule mlangoni, sema neno kwa upole. Ukianza wewe, abiria wengine wataitikia. Wala sisemi usikae kamwe. Ukiwa umechoka kweli, lala, Mungu anajua. Mimi sikuwa nimelala.

Maswali ya kutafakari:

1. Njiani kwenda chuo wiki hii, ni nani nilimwona nikajifanya sijamwona?
2. Simu yangu, spika za masikioni au hata rozari yangu, vimewahi kuwa pazia?
3. Kesho nitafanya tendo gani moja dogo kabla ya kushuka kituoni?

Tusali: Ee Yesu, uliyechukua msalaba katikati ya watu wengi, na ukapata msaada wa mpita njia, nifumbue macho safarini. Usiniache nikusali kwa midomo huku nikikuacha umesimama. Amina.

Yule binti sijamwona tena. Lakini kila nikifika tendo la nne namkumbuka, naye nampeleka kwa Mama Maria. Nawe niombee.