Silaha Nyumbani na Usalama wa Jirani

Katika Tukuyu na vijiji vya Rungwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu zinazopakana na misitu, bunduki na gobore si vitu vigeni. Mkulima huogopea migomba na viazi vyake, mfugaji huogopea ng'ombe wake, na mwenye duka huogopea fedha zake usiku. Kwa hiyo swali hili linastahili jibu: Je, inamfaa Mwislamu kuweka silaha nyumbani mwake?

Mafundisho ya Uislamu

Uislamu haukuja kumfunga mtu mikono mbele ya mnyang'anyi. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba anayeuawa akitetea mali yake hufa shahidi. Na ruhusa ya kupigana iliyomo katika Sura Al-Hajj ilitolewa kwa watu waliodhulumiwa na kufukuzwa majumbani mwao bila haki.

Lakini Mtume huyo huyo s.a.w. aliiwekea silaha mipaka. Alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, kwa kuwa hajui kama shetani hatauponyosha mkono wake. Aliagiza kwamba apitaye msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye ncha, asije akamdhuru mtu. Alikataza pia kupeana upanga uliochomolewa alani. Tuangalie vizuri: maagizo haya hayahusu adui vitani. Yanahusu soko, msikiti, na ndugu kwa ndugu. Ikiwa mshale ulihitaji tahadhari hiyo, bunduki yenye risasi iliyotundikwa ukutani, mahali watoto wanapocheza, inahitaji tahadhari kubwa zaidi.

Tena alisema s.a.w. kwamba si muumini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Hiki ndicho kipimo chetu. Mwenye silaha asijiulize tu, "Je, mimi nina usalama?" bali ajiulize, "Je, jirani yangu ana usalama kwangu?"

Desturi za mataifa

Mataifa hayaitazami bunduki kwa jicho moja. Wamarekani walipata uhuru wao kwa vita, na tangu mwaka 1791 haki ya kushika silaha imo katika Katiba yao. Uchunguzi wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2017 raia wa dunia nzima walikuwa na bunduki milioni 857, na kati ya hizo milioni 393 zilikuwa Marekani, yaani nyingi kuliko idadi ya watu wake. Yemen, nchi ya Waislamu, ilikuwa ya pili kwa kulinganisha bunduki na idadi ya watu. Japani haikufikia hata bunduki 1 kwa watu 100.

Je, wingi huo umeleta amani? Yemen imeteketea kwa vita. Na huko Marekani zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi ni watu waliojiua wenyewe. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi humngojea mwenye nyumba siku ya huzuni au hasira yake.

Funzo la Rungwe

Wanyakyusa wa zamani walikuwa watu wa mkuki. Vijana walijenga vijiji vyao vya rika, wakachunga na kulinda pamoja. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi kwao katika miaka ya 1930, aliandika jinsi walivyoithamini ukwangala, yaani kukaa kwa wema na majirani, kula na kuzungumza pamoja. Ulinzi wao mkubwa ulikuwa mtu wa jirani.

Bunduki iliingia pande hizo kwa sura nyingine. Ng'ambo ya mto Songwe, karibu na Karonga, Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alijijengea ngome. Mwezi Oktoba 1887 watu wake waliwaua Wangonde wengi, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa, huko Kambwe. Mwisho wake, mwaka 1895, Waingereza waliivunja ngome yake wakamnyonga. Bunduki zake hazikumlinda yeye, wala hazikuuheshimisha Uislamu, ambao jina lake lilitiwa doa na biashara ya namna hiyo.

Sheria na amana

Katika Tanzania, sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila leseni. Maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa, ambako tabia ya mwombaji inajulikana. Hapa sheria inakubaliana na kipimo tulichokitaja: majirani ndio mashahidi. Mwenye gobore la siri, hata kama nia yake ni kufukuza ngedere shambani, anavunja sheria, na Kurani Tukufu inatuamuru kuwatii wenye mamlaka. Umoja wa Afrika uliufanya mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa msamaha kwa watakaozirudisha. Kurudisha silaha kama hiyo si unyonge, bali ni kuirejesha amana.

Ushujaa wa kweli

Wako wanaosema kwamba mtu asiye na bunduki si mwanamume kamili. Na wawakumbuke wazee wetu 9 wa Mehdi Abad, Burkina Faso. Tarehe 11 Januari 2023 magaidi waliwatoa msikitini, wakawataka wamkane Imam Mahdi a.s. Walikataa, wakauawa kwa risasi mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa na silaha mikononi, wala Jumuiya yao haikulipiza kisasi. Ni nani aliyekuwa shujaa siku ile, mwenye bunduki au asiyekuwa nayo?

Basi mwenye haja ya kweli na afuate sheria, aifungie silaha yake mbali na watoto, na amche Mungu. Asiye na haja na aitafute amani kwa majirani zake: awajulie hali, ashiriki ulinzi wa kijiji, na aamke usiku kuwaombea. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watu ambao wengine husalimika na mikono yao na ndimi zao. Amin.