Somo la 12: Binti Mgeni Anajifunza Kazi ya Dukani



Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo wako mabinti ambao wao, au wazazi wao, walitoka Burundi au Rwanda. Pengine wewe ni mmoja wao. Pengine ni mkwe wako au jirani yako.

Ugeni huu si wa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda walipewa ardhi Muyenzi, wilayani Ngara. Mwaka 1993 walikuja Warundi wengi. Mwezi Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Wengi wao walirudi kwao mwezi Desemba 1996. Kambi ya Lukole, iliyokuwa ya Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Lakini wako waliobaki, na wako walioolewa huku.

Binti anayesema Kirundi huelewana na Mhangaza bila taabu. Sokoni hapotei. Lakini daftari, risiti na matangazo ya serikali huandikwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo anapokwama. Dukani anaweza kujifunza kusoma, kuhesabu na kusema na watu, vyote kwa pamoja.

Kabla ya yote, tazameni uraia wake. Mwezi Julai 2025 serikali ilitoa amri inayokataza mtu asiye raia kufanya biashara ya rejareja. Tena mgeni haajiriwi bila kibali. Mama mgeni aliyeolewa na Mtanzania hawi raia kwa ndoa peke yake. Ni lazima aombe. Basi, kama mambo yake hayajakamilika, msimfiche. Mwende naye ofisi ya Uhamiaji ya wilaya. Mnakumbuka Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013: watu waliokaa Kagera miaka mingi bila karatasi waliondolewa, wakaacha nyumba na mashamba. Wakati anasubiri, aje hapa darasani ajifunze hesabu na mizani.

Aliye raia aende kwa mwenye duka. Lakini wapatane kwanza, na mapatano yaandikwe. Atajifunza miezi mingapi? Atapewa nini cha chakula na nauli? Nani atakaa na ufunguo? Nasema hivi kwa sababu wako wenye maduka wanaomwita binti "mwanafunzi", kisha wanamtuma kuchota maji na kubeba mtoto kutwa nzima. Huko si kujifunza. Ni kazi ya bure.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tuseme mwenye duka amenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 140,000. Nauli ya mzigo ni shilingi 5,000. Jumla ametoa shilingi 145,000. Anauza kilo moja kwa shilingi 3,200. Kilo zote 50 zikiuzwa, atapata shilingi 160,000. Faida ni shilingi 15,000.

Lakini binti mwenye haraka hupima kwa mkono mzito. Huku kijiko kimoja, kule nyongeza ya rafiki. Mfuko unakwisha, na zimeuzwa kilo 48 tu. Fedha zilizoingia ni shilingi 153,600. Faida imekuwa shilingi 8,600. Kilo mbili tu zimekula karibu nusu ya faida! Na akipima kwa mkono mwepesi, anamwibia mnunuzi. Mnunuzi akigundua, harudi.

Kwa hiyo somo la wiki ya kwanza ni mizani. Aipanguse, aiweke mahali palipo sawa, ahakikishe mshale uko kwenye sifuri, asubiri utulie. Baada ya hapo ndipo apewe daftari. Kila jioni aandike tarehe, mali iliyouzwa, fedha taslimu na madeni. Asingoje kesho. Kesho atakuwa amesahau.

Wazee wanakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Maduka ya watu binafsi yalifungwa mahali pengi, yakafunguliwa ya vijiji. Mengi hayakudumu. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini kwa maoni yangu moja ni kubwa: watu walikabidhiwa mali kabla ya kufundishwa kuiandika.

Deni ni gumu kuliko mizani. Mzee wa heshima anakuja, mwenye duka hayupo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipe sabuni na chumvi. Utaandika."

"Babu, naomba radhi. Deni la mwezi uliopita bado liko hapa. Nikusomee?"

"Mama yako ananijua mimi!"

"Ndiyo, babu. Ndiyo maana aliniambia nikusomee kwanza, tusije tukakosana. Ukilipa hata nusu leo, nitaandika mbele yako."

Tazama hapo. Binti hakumdharau mzee, wala hakutoa mali ya watu kwa kuogopa. Huo ni uongozi. Haufundishwi kwa hotuba. Mwenye duka afanye hivi pia: kila mwisho wa wiki amwache binti asome hesabu kwa sauti, mbele ya watu wa nyumbani au wa kikundi. Mara ya kwanza atatetemeka. Mara ya nne ataulizwa swali na atajibu. Miezi ikipita, apewe mwenzake mgeni wa kumfundisha mizani.

Kikundi cha akina mama kinapotafuta mweka hazina, humtazama mtu ambaye daftari lake wamelisikia. Na binti ambaye ni raia, akifika miaka 21, anaweza kugombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji. Asiye raia hawezi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, ni duka gani linaweza kupokea binti wa kujifunza? Nani atakwenda kusema na mwenye duka?

2. Mfuko wa sukari wa kilo 50 umeuzwa kilo 49 kwa shilingi 3,200 kila kilo. Gharama ni shilingi 145,000. Faida ni kiasi gani?

3. Andikeni mapatano mafupi kati ya binti na mwenye duka. Yasomeni kwa sauti.