Kwa nini biogesi haijazwi kwenye mtungi wa gesi ya dukani?

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kamati za miradi za sharika zenye mitambo ya biogesi: gesi inabaki jioni, kwa nini isijazwe kwenye mitungi na kuuziwa washarika? Wafadhili nao huuliza. Jibu limo katika kemia, na ni vyema lieleweke kabla fedha hazijatengwa.

Molekuli za kitu chochote huvutana. Zikivutana kwa nguvu, kimiminika huhitaji joto kubwa ili kichemke. Zikivutana kidogo, hugeuka gesi hata penye baridi kali. Tulinganishe maji na methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya biogesi. Uzito wa molekuli zake unakaribiana: maji 18, methani 16. Hata hivyo, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi, na methani kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri! Katika maji, haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Methani haina mvuto huo. Inao ule hafifu tu ambao kila molekuli inao.

Mvuto huo hafifu huongezeka molekuli inapokuwa kubwa. Gesi ya dukani ni propani na butani, zenye kaboni tatu na nne. Methani ina moja. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri. Ndiyo maana zikishindiliwa kiasi, katika joto letu la kawaida, huwa kimiminika. Tikisa mtungi utakisikia kikicheza ndani. Methani yenye joto lililozidi nyuzi 82 chini ya sifuri haiwi kimiminika hata ishindiliwe vipi. Magari ya Dar es Salaam yanayotumia gesi asilia, ambayo nayo ni methani, huibeba ikiwa bado gesi, katika mitungi maalumu ya shinikizo la angahewa 200 hivi. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kwa shinikizo hilo. Anayeujaza biogesi kwa pampu ama atapata gesi ya kuchemshia chai, ama ataupasua. Kamati isimkubali fundi wa namna hiyo.

Somo hilo hilo linaeleza maji yanayoziba mabomba. Mvuke kutoka mtamboni hupoa njiani, molekuli za maji hushikana tena, na methani huendelea na safari. Moto ukirukaruka jikoni, kagueni kwanza mtego wa maji. Na bomba lilazwe kwa mteremko kuuelekea. Haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza, ina molekuli nzito karibu mara mbili ya maji, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa kuwa salfa haivuti kama oksijeni. Kwa hiyo mtego hauizuii. Hufika hadi jikoni ikila vyuma, na inahitaji chujio la chuma chenye kutu.

Kwa gesi inayobaki tunashauri bomba hadi nyumba ya jirani, au taa ya biogesi. Maombi ya fedha za mitungi hatutayafikisha kwa wafadhili.