Mbwa Mkubwa Nyumbani: Je, Tutamweza?

Somo letu la mara hii limetokana na jambo linalozungumzwa sana katika mitaa yetu, tangu Magongo na Port Reitz hadi Chaani, Mikindani na Miritini. Watu wamechoka kuibiwa kuku, nguo zilizoanikwa na mitungi ya gesi. Sasa wengine wanasema dawa ni moja tu, kununua mbwa wa kizungu, tena yule jitu ambaye akisimama kwa miguu ya nyuma anampita baba wa nyumba. Watoto nao wanamtaka kwa sababu wamemwona kwenye televisheni, ati ni mpole na mtu anaweza kumpanda kama punda.

Hamu hiyo haistahili kuchekwa, maana aliyeibiwa ndiye ajuaye uchungu. Lakini kabla ya familia kutoa pesa za meri-go-raundi, au kikundi kutoa akiba yake ya mwaka kwa ajili ya kijibwa kimoja, someni somo hili pamoja. Mmoja asome kwa sauti, na anayetaka kuuliza amsimamishe.

Mkubwa kiasi gani?

Tusichanganye mambo. German Shepherd tuliyemzoea kwenye mageti ya makampuni hufika kilo 30 hadi 40. Huyo ni mbwa mkubwa, lakini si jitu. Majitu yenyewe ni kama Great Dane, ambaye dume lake hufika kilo 60 na kupita. Mastiff wa Uingereza, ambaye huweza kupita kilo 80. Saint Bernard wa milima ya Uswisi. Na Boerboel wa Afrika Kusini, ambaye siku hizi anatangazwa sana hapa Kenya. (Great Dane jina lake linadanganya kidogo. Linamwita wa Denmark, kumbe alilelewa Ujerumani kwa kuwinda nguruwe mwitu.)

Great Dane huzaliwa na nusu kilo hivi. Akitimiza mwaka amepita kilo 45, uzito ambao mbuzi wetu wengi wa kienyeji hawaufikii maisha yao yote. Kwa hiyo yule mnayemwona sokoni ndani ya boksi, akilala kama paka, si yule mtakayeishi naye. Mnunuzi anunue akiwaza mbwa wa mwaka ujao.

Hesabu ya sufuria

Mbwa wa kilo 60 hula karibu kilo moja ya chakula kikavu cha mbwa kila siku. Chukueni bei ya kilo moja katika duka lenu, mzidishe mara 30, na hiyo ndiyo bili ya mwezi kabla hamjanunua hata sabuni. Wengine husema, "Sisi tutampa ugali na makombo." Sawa, lakini makombo ya nyumba ya watu sita hayamtoshi jitu, na ugali mtupu humjaza tumbo bila kumpa nguvu. Itabidi kuongeza omena, matumbo au vichwa vya samaki kila siku ya Mungu. Mama anayepika ndiye ajibu swali hili, si baba peke yake, kwa sababu sufuria ya mbwa itakaa kwenye jiko lake na moto utakuwa wa makaa yake.

Dawa pia hupimwa kwa uzito. Vidonge vingi vya minyoo hutolewa kimoja kwa kila kilo 10. Mbwa wa kienyeji wa kilo 20 anameza viwili, jitu la kilo 60 linameza sita, na kawaida dawa hiyo hurudiwa kila miezi mitatu. Dawa ya kupe ni vivyo hivyo, nanyi mnajua kupe wa pwani walivyo wengi, na homa wanayoleta huua mbwa. Lakini chanjo ya kichaa haijali uzito. Kijibwa na jitu hupata dozi ileile.

Na baada ya gharama hizo zote, majitu hayaishi sana. Great Dane wengi hufa kati ya miaka 7 na 10. Mbwa wa wastani akitunzwa huweza kufika 12 na kupita. Mtoto atakayempenda akiwa darasa la kwanza huenda akamzika kabla hajamaliza shule. Wazazi walifikirie hilo nalo.

Joto la kwetu

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mwili ukiwa mkubwa, joto linachelewa kutoka. Saint Bernard alilelewa na watawa kwenye njia ya mlimani yenye kimo cha mita 2,469, kwenye theluji. Kumleta Chaani mwezi wa Machi na manyoya yake yote, chini ya paa la mabati, ni kumtesa. Sisi tungesema wazi: aina hiyo isiletwe pwani kabisa. Hata Mastiff, mwenye pua fupi, hupata taabu. Kama lazima awe mkubwa, afadhali mwenye manyoya mafupi na pua ndefu. Yule Ridgeback wa kusini mwa Afrika, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, alizoea jua tangu zamani na uzito wake ni kilo 30 hadi 40 hivi. Huyo naye si jitu, na hiyo ni faida.

Mbwa akihema kupita kiasi, akitokwa na mate mazito na kuyumbayumba, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida mwilini, mumpepee, kisha mumwite daktari wa mifugo. Msingoje jioni.

Ploti, majirani na heshima

Wengi wetu hatuishi kwenye nyumba zenye ua. Tunaishi ploti ya vyumba kumi, ukumbi mmoja, choo kimoja, bomba moja. Mbwa wa kilo 60 hapo atakaa wapi? Atafungwa mnyororo nyuma ya choo. Na mbwa anayefungwa usiku na mchana hawi mlinzi, anakuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa anayemletea chakula. Siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kukutana naye ni mtoto wa jirani anayeenda kuchota maji. Basi bila ruhusa ya mwenye ploti, ua uliozungushwa vizuri na geti linalofungika, mazungumzo ya jitu yaishie hapo.

Majirani zetu wengi ni Waislamu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na nguo aliyoigusa kwa mate haifai kuswalia mpaka itakaswe. Hawakatazwi kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda. Lakini fikirini mzee aliyetawadha nyumbani, anakwenda msikitini alfajiri, na jitu lenu linamrukia kwa furaha tu na kumlamba kanzu. Mbwa hana kosa, ila ninyi mmemharibia jirani ibada. Mwendeeni kabla hamjanunua, mwambieni, "Mzee, tunafikiria kufuga mbwa, tuelekeze njia unayopita." Tumeishi pamoja vizuri miaka mingi, na mbwa asije akawa sababu ya kutosalimiana.

Kichaa cha mbwa

Hapa tutakaa kidogo. Nchini Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na hadi leo kinaua. Duniani inakadiriwa kinaua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ndio wengi. Mwaka 2014 serikali yetu ilianzisha mpango wa kumaliza vifo hivyo kufikia mwaka 2030. Mpango huo unategemea jambo moja rahisi, kwamba mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Ugonjwa hauna mahali pa kupita hapo.

Dalili zikishaanza kwa mtu, yaani kuogopa maji, kuweweseka, koo kukaza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kazi yote ni kabla ya dalili. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa. Msipake mafuta taa, ugoro wala pilipili. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, na sindano za chanjo zimalizwe zote kwa tarehe zilizoandikwa. Wengi huchoma ya kwanza na ya pili, wakiona kidonda kimekauka wanaacha. Hapo ndipo tunapopoteza watu. Mbwa mwenyewe, kama yuko hai na anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe mara moja. Afungwe atazamwe siku 10 na ofisi ya mifugo ijulishwe.

Jitu halina kichaa zaidi ya mbwa wengine. Lakini jitu likiuma, mdomo wake uko sawa na uso wa mtoto wa miaka mitano. Na hata akicheza tu, anaweza kumwangusha mtoto kwenye sakafu ya saruji. Mtoto mdogo asiachwe naye peke yake, na mgongo wake si wa kupandwa, kwa maana mifupa na viungo vyake vitaumia.

Jueni pia kwamba Katiba ya mwaka 2010 iliweka leseni za mbwa mikononi mwa kaunti, na mwenye mbwa aliyemuuma mtu anaweza kudaiwa fidia mahakamani.

Ulinzi hauko kwenye kilo

Tuseme kikundi chenu kina banda la kuku Mikindani na mnataka ulinzi. Mnatafuta nini? Mnatafuta masikio na sauti. Mwizi hangoji kupimwa na mbwa, anakimbia watu wakiamka. Mbwa wa kienyeji, yule tunayemdharau kwa kumwita koko, husikia hatua mbali na hubweka mpaka mtaa mzima unawasha taa. Ndugu zetu Wamijikenda wamewinda na mbwa kama hao vizazi na vizazi. Great Dane na Saint Bernard, kinyume cha wanavyofikiriwa, wengi ni wapole kwa wageni na hupenda kulala.

Tazameni hata wataalamu. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, limetumia mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu katika bandari yetu ya Mombasa. Aina inayopendwa sana duniani kwa kazi ya namna hiyo ni Malinois wa Ubelgiji, mbwa wa kilo 25 hadi 30. Hawakutafuta jitu. Walitafuta mbwa anayefundishika.

Wezi nao hutupa nyama yenye sumu, na jitu hula haraka kuliko wote. Mbwa yeyote, mkubwa kwa mdogo, azoeshwe kula kwenye chombo chake tu na kutoka kwa mikono ya watu wawili au watatu anaowajua.

Mkisha kuamua

Ikiwa mnao ua, chakula, kivuli na ruhusa, na bado mnamtaka, basi nunueni kwa macho. Nendeni mkamwone mama yake alipo. Mama akiwa mkali bila sababu au anachechemea, rudini nyumbani. Kijibwa kisitengwe na mama kabla ya wiki nane. Anayedai ni wa ukoo safi aulizwe karatasi za East Africa Kennel Club. Asipokuwa nazo, bei ishuke, maana mnanunua chotara. Hakuna ubaya wa chotara, ubaya ni kulipia asichokuwa.

Kijibwa cha jitu kisinenepeshwe wala kisipewe unga wa mifupa wa kuku ili "kikue haraka". Kikikua haraka, miguu hupinda na nyonga huharibika. Akishakua, chakula chake kigawanywe mara mbili au tatu kwa siku, na asikimbizwe baada ya kula. Tumbo la mbwa hawa wenye kifua kirefu huweza kujaa hewa na kujisokota. Mkiliona limevimba na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hizo ni saa chache tu kati ya uzima na kifo, na dawa yake ni upasuaji.

Ya kujadiliana kikundini

Ni wangapi kati yetu tuna ua wenye geti linalofungika? Chakula cha mbwa wa kilo 60 kwa mwezi kingenunua vifaranga wangapi? Ni nani atakayemlisha tukienda matanga bara kwa wiki mbili? Mtoto akiumwa leo usiku, hospitali gani ya karibu ina chanjo, na tumehakikisha kwa kuuliza?

Kabla ya mkutano ujao kila mwenye mbwa alete kadi ya chanjo. Katibu aandike majina ya wasio na kadi na idadi ya mbwa wao, wakiwemo wale wa mtaani wanaolishwa na watu bila mwenyewe. Mwenyekiti aipeleke orodha hiyo ofisi ya mifugo ya kaunti mapema, kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, aombe wachanjaji wafike mtaani kwetu. Mbwa wa miezi mitatu na zaidi wote waletwe, kila mmoja na kamba yake, na aletwe na mtu mzima anayeweza kumshika.