Namna ya Kuchagua Riwaya ya Ajabu kwa Kikundi cha Wasomaji

Mtu asomaye peke yake huchagua akipendacho, na kikimchosha hukifunga pasipo kuulizwa na yeyote. Lakini aliyekabidhiwa dhamana ya kuchagua kitabu kitakachosomwa mwezi mzima na watu wa umri, dini na kazi mbalimbali, kisha kikazungumzwa barazani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, ana wajibu wa namna nyingine kabisa. Wajibu huo huzidi uzito kitabu kinapokuwa riwaya ya fantasia, yenye nchi zisizokuwamo katika ramani, majoka yasemayo na watu wenye sihiri, maana hapo wako wanaoingia kwa shauku, wako wanaoingia kwa shaka, na wako walioamini tangu zamani kuwa habari hizo ni za watoto. Kazi hii nimeifanya katika kikundi chetu hapa Tanga kwa muda wa kutosha kuipenda, na nitaieleza kama ninavyoifanya.

Kwanza hutazama kama kitabu kitaisha. Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani ambaye hashiki kitabu mpaka afunge kibanda chake usiku, na ni yeye nimfikiriaye ninapohesabu kurasa: riwaya ya kurasa mia mbili humtaka kurasa saba kwa siku, nazo aziweza, ila riwaya ya kurasa elfu ni kumfukuza kwa adabu. Kwa hiyo kila mwaka anapotokea mtu wa kupendekeza The Lord of the Rings ya Tolkien, akiongeza kuwa si lazima tuisome yote, tuchukue jalada la kwanza tu, mimi hupinga, maana hadithi ile ni moja, iliyogawanywa katika majalada matatu kati ya 1954 na 1955 kwa sababu za uchapishaji, na asomaye la kwanza huachwa njiani wasafiri wakitawanyika. Mwenye hamu ya Tolkien namwelekeza kwenye The Hobbit ya 1937, yenye sura 19, ambamo msafiri hutoka nyumbani kwake, hushindana kwa vitendawili gizani chini ya mlima, huliona joka juu ya hazina, na hurudi kwake kabla ya jalada kufungwa.

La pili ni matoleo, na hili watu hulidharau. Safari za Gulliver, alizozitoa Jonathan Swift mwaka 1726, zina sehemu nne, lakini matoleo mengi yaliyofupishwa kwa ajili ya shule hubakiza nchi ya vijitu vidogo na nchi ya majitu, yakaziacha mbili za mwisho, pamoja na ile ya farasi wenye akili ambao mbele yao binadamu huonekana mnyama mchafu. Ikiwa nusu ya baraza imesoma farasi na nusu nyingine haijawaona, mnazungumza vitabu viwili. Basi kabla ya kutangaza lolote huuliza nakala zi wapi, ni ngapi, za toleo gani, nani ataanza na nani atapokea, nikaandika zamu hizo katika karatasi.

Lugha nayo haina budi kuangaliwa kwa insafu. Wako miongoni mwetu wasomao Kiingereza kwa wepesi na wako ambao humaliza ukurasa wakiwa wametoka jasho, na si haki mwezi kwa mwezi kuwabebesha hao mzigo ule ule. Kwa hiyo hupokezana: mwezi wa kitabu cha ugenini hufuatwa na mwezi wa chetu, na chetu kipo, wala hakihitaji kuombewa radhi. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari ya nchi ielezwayo kuwa angani ambamo Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka sheria ifundishwe, naye hujitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa kifungo. Kitabu hicho ni chembamba, kinapatikana, na alasiri nzima haitoshi kukimaliza kwa mazungumzo.

Hapo pia ndipo ninapopata jibu kwa wenzetu ambao hofu yao ni ya dini. Hofu hiyo naiheshimu, sipendi ichekwe barazani, na huwaeleza mapema, mmoja mmoja, kitabu kina nini ndani yake, ili asije mtu akakutana na mizimu katikati ya sura bila taarifa. Lakini huwakumbusha pia kwamba katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert yule yule, ambacho wengi wao walikisoma utotoni mbele ya wazazi wao, ndugu wawili hugeuzwa manyani na Adili hulazimishwa kuwapiga kila usiku kwa amri ya jini, na hakuna aliyetoka katika hadithi ile akiwa na tamaa ya uchawi.

Sasa nije kwenye mizani ninayoiamini kuliko zote. Baada ya kuridhika na urefu, nakala na lugha, hukiuliza kitabu swali moja: sihiri hapa ina gharama gani, na nani huilipa? Kitabu ambacho mjuzi wake huinua fimbo na kila mushkeli ukatoweka huweza kumfurahisha msomaji mmoja, lakini hakiwapi watu kumi la kusema, kwani pasipo gharama hakuna uamuzi, na pasipo uamuzi hakuna ikhtilafu. Kitabu kilichonifundisha kuuliza hivyo ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani wa California, kilichotoka mwaka 1968, chenye sura kumi tu. Nchi yake ni visiwa vitupu, na watu wake huishi kwa mashua na pepo, jambo ambalo msomaji wa pwani halihitaji kufafanuliwa. Shujaa wake Ged ana ngozi ya wekundu wa kahawia, rafiki yake Vetch ni mweusi, na mwandishi alilalamika miaka mingi kuwa wachoraji wa majalada walimfanya Ged mweupe.

Mapema katika kitabu hicho kijana Ged, akiwa na njaa ya elimu, hufuata njia ya milimani pamoja na mwalimu wake Ogion, ambaye ana uwezo wa kuamuru hali ya hewa. Mvua inawanyeshea. Wajuzi wadogo wa visiwa vile huisukuma mvua iende kwa jirani, na jirani naye huisukuma kwa mwingine, mpaka wingu linazunguka lisijue pa kushukia. Lakini Ogion huiacha inyeshe ipendapo, akatafuta mti mnene na kujilaza chini yake, na kijana amelowa pembeni, akijiuliza uwezo una faida gani ikiwa mwenye nao hautumii. Tulipofika hapo baraza liligawanyika pande mbili kama uga wa ngoma, upande mmoja ukimtetea mzee na mwingine kijana, na magharibi iliingia hawajapatana.

Hata hivyo kitabu hakikuchaguliwa kwa maneno yangu. Desturi yetu ni vitabu vitatu kupendekezwa, kila kimoja na aliyekisoma mpaka mwisho, naye husoma kwa sauti kurasa mbili za sura ya kwanza kabla ya kura kupigwa, kwa kuwa sifa za kitabu mdomoni mwa mpenzi wake hazina mwisho, ila kurasa mbili hazidanganyi. Mimi nilisoma mahali ambapo Ged, mtoto wa mhunzi wa shaba, anakifunika kijiji chake kwa ukungu ili kuwapoteza wavamizi, kisha anabaki amesimama pasipo kusema, kula wala kulala, kwa kuwa ametoa nguvu kupita kiasi chake. Nilipofunga kitabu, mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, ambaye siku zote husema hana haja na ngano, alinyosha mkono. “Mwanangu, hebu endelea kidogo. Huyo kijana alipona?” Sikuendelea, na kura yake niliipata.

Msichague kitabu kisicho na ila. Katika Earthsea ya kwanza shule ya sihiri ni ya wanaume watupu, na sihiri ya wanawake hutajwa kwa dharau hata katika misemo ya watu. Bibi mmoja muuguzi alikuja siku ya mazungumzo amekunja kurasa hizo zote na akazisoma moja baada ya moja, kwa sauti iliyotulia, na yale yakawa mazungumzo bora ya mwaka ule. Tangu hapo huwa namwomba ambaye kitabu kimemuudhi ndiye afungue baraza, na waliokipenda wangoje.

Mwezi ujao tunasoma The Tombs of Atuan, cha mwandishi yule yule, cha mwaka 1971, ambacho humfuata Tenar, msichana aliyechukuliwa kwa wazazi wake akiwa mdogo na kufanywa kuhani wa makaburi, na Ged huingia tu hadithi ikiwa imekwenda mbali. Aliyekipendekeza na kutusomea kurasa mbili ni bibi muuguzi. Nakala tulizo nazo ni tatu, ya kwanza iko kwa fundi cherehani, na zamu zimekwisha andikwa.