Kufasili Istilahi kwa Kiingereza: Mfano wa Kisiwa cha Pemba

Mwanafunzi wa sayansi katika nchi yetu aghalabu hufikiri kwa Kiswahili, lakini ripoti yake huiandika kwa Kiingereza. Hapo ndipo istilahi humponyoka: neno analijua, ila mipaka ya maana yake hakuiweka. Katika somo hili tutachukua istilahi moja iihusuyo Pemba, yaani «oceanic island», ambayo hapa tutaiita kisiwa cha bahari kuu.

Istilahi hii hutumiwa kwa maana mbili. Mwaka 1880, katika kitabu chake Island Life, A. R. Wallace aliitumia kwa visiwa ambavyo havijapata kuungana na bara, navyo kwa kawaida vimetokana na volkano au matumbawe. Ngazija, penye volkano ya Karthala, ni mfano mwema. Wataalamu wengine hutazama kina cha bahari kilichokizunguka kisiwa.

Sasa tuipime Pemba. Yapata miaka 20,000 iliyopita, katika zama za barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa mita 120 hivi. Mlango-bahari wa Unguja ni wa kina kifupi, kwa hiyo Unguja iliungana na bara. Mlango-bahari wa Pemba una kina kinachofikia mita 800 hivi, na Pemba ikabaki kisiwa. Ndiyo maana ina aina nne za ndege wasiopatikana penginepo duniani, na popo wake mkubwa, Pteropus voeltzkowi, ambaye jenasi yake haipo katika Afrika bara. Hata hivyo, miamba ya Pemba ni ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa, wala si ya volkano.

Basi mwandishi akisema tu kwamba Pemba ni kisiwa cha bahari kuu, msomaji wa mbali aweza kutazamia miamba na udongo wa volkano, na hoja yote itakayofuata ataielewa kombo. Fasili iliyo sahihi humwepusha na upotofu huo:

«In this report, an oceanic island is an island separated from the mainland by sea more than 120 metres deep.»

Katika sentensi hiyo yafaa kuzingatia mambo manne. Kwanza, imetaja kundi, yaani kisiwa. Pili, imetaja sifa ipambanuayo, tena yenye kupimika. Tatu, imeeleza kuwa maana hiyo ni ya ripoti hii. Nne, nomino imetanguliwa na «an», neno ambalo Kiswahili hakina, na kwa hiyo huachwa kwa urahisi. Tena usiandike «is when», kwa kuwa «when» huonyesha wakati, na kisiwa si wakati.

Ukiisha kufasili, tumia istilahi ile ile hadi mwisho. Kubadilisha maneno ni pambo katika insha, lakini katika sayansi humfanya msomaji adhani kuwa umehamia jambo jingine.

Zoezi: Fasili kwa Kiingereza, kwa sentensi moja, istilahi ya mlango-bahari. Kisha jiulize: je, fasili yako yauingiza ule wa Unguja na ule wa Pemba, na kuiacha nje mito?