SOMO LA MWEZI: JE, PASAKA ILIANGUKA SIKU YA IJUMAA?



Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi tarehe 14 Aprili. Kitabu cha safari yao kinaonyesha kwamba kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Pasaka. Lakini tukiiandika tarehe 15 Aprili 1498 katika programu nyingi za kompyuta na kuuliza ilikuwa siku gani, tunajibiwa: Ijumaa.

Pasaka siku ya Ijumaa! Basi, nani amekosea? Mwandishi wa kale, au mashine? Swali hili linatuhusu sote, kwa maana siku hizi vijana wetu wanaingiza historia na vitabu vya kanisa katika kompyuta, na ni rahisi kumsahihisha mzee ambaye hakukosea.

Kalenda mbili

Wakristo wa zamani walitumia kalenda ya Julius Kaisari. Katika kalenda hiyo kila mwaka wa nne ni mwaka mrefu, wenye siku 366. Hesabu hiyo huuzidisha mwaka wa jua kwa dakika kama 11. Dakika 11 ni kidogo, lakini kibaba hujaza pishi: kila miaka 128 hivi siku nzima hupotea. Kufikia karne ya 16 siku ya masika ambayo mchana na usiku hulingana, ambayo kwayo Pasaka huhesabiwa, ilikuwa imerudi toka 21 Machi mpaka 11 Machi.

Kwa hiyo mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 aliamuru siku kumi zirukwe. Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Tena miaka ya mamia, kama 1700, 1800 na 1900, isiwe mirefu isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400, kama 1600 na 2000. Ureno na Hispania zilifuata mara moja. Uingereza ilikawia mpaka 1752, ambapo Jumatano tarehe 2 Septemba ilifuatwa na Alhamisi tarehe 14. Urusi ilingoja mpaka 1918.

Tuangalie jambo moja zuri hapa: tarehe ziliruka, lakini juma halikuvunjika. Baada ya Jumatano ilikuja Alhamisi, na Jumapili ikabaki Jumapili.

Kompyuta hufanyaje?

Programu nyingi huichukua kalenda yetu ya leo na kuirudisha nyuma hata miaka ambayo hakuna mtu aliyeijua. Nyingine hubadilisha kalenda mwaka 1582, na nyingine mwaka 1752. Mashine haisemi uongo. Hujibu kama ilivyoagizwa. Ni sisi tusioiambia mwandishi alitumia kalenda gani.

Njia ya kugeuza tarehe

1. Kwanza tuulize: mwandishi alikuwa nchi gani, na nchi ile ilibadili kalenda lini?

2. Mwaka wao ulianza lini? Katika Uingereza, kabla ya 1752, mwaka wa kisheria ulianza 25 Machi, sikukuu ya Mariamu kupashwa habari. Mfalme Charles wa Kwanza aliuawa tarehe 30 Januari. Wao waliandika 1648, sisi twaandika 1649.

3. Tuongeze siku zinazopasa. Kwa tarehe ya kale iliyo kati ya Machi 1400 na Februari 1500, tuongeze siku 9; toka hapo mpaka Februari 1700, siku 10; mpaka Februari 1800, siku 11; mpaka Februari 1900, siku 12; na baada ya hapo, siku 13. Hivyo Pasaka ile ya Malindi, 15 Aprili, ni 24 Aprili kwa kalenda ya leo.

4. Tuhakikishe kwa siku ya juma. Wataalamu wa nyota huhesabu siku mfululizo kuanzia 1 Januari mwaka 4713 kabla ya Kristo. Kwa hesabu hiyo, Pasaka ile ni siku namba 2268307. Tukiigawanya kwa 7, inabaki 6. Ikibaki 0 ni Jumatatu. Ikibaki 6 ni Jumapili. Mwandishi alisema kweli!

Ndugu zetu wa pwani wanaosoma barua za zamani za Kiarabu wana tahadhari nyingine. Mwezi wa Kiislamu huanza kwa kuandama, na siku huanza jua likichwa. Programu hukadiria tu, na yaweza kukosa kwa siku moja au mbili. Barua ikitaja siku ya juma, hiyo ndiyo ya kushika.

Tujifunze nini?

Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Jirani aliyekwisha kufa hawezi kujitetea. Basi tukinakili kitabu cha zamani, tuiache tarehe kama ilivyoandikwa, na ile iliyogeuzwa tuiweke kando, tukitaja kalenda zote mbili. Anayefuta ya kwanza amefuta ushahidi. Kosa lake halitaonekana tena, wala halitasahihishika.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini haitoshi kuandika tarehe iliyogeuzwa peke yake?

2. Isaac Newton alizaliwa Uingereza siku ya Krismasi, 25 Desemba 1642. Kwa kalenda ya leo ni tarehe gani?

3. Je, tumewahi kumhukumu mwenzetu kwa kipimo ambacho yeye hakukijua?

Bwana atujalie kuzihesabu siku zetu kwa hekima.